Metali Nzito na Mwani Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma

Maswali haya hurudi tena na tena. Yanatoka kwa wavuvi wa Kibirizi na Katonga, wanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano na sita, kina mama waanika dagaa, na watu wenye ndugu wanaolima mwani Unguja na Pemba. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha elezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mwani mchanga ni upi hasa?

Ni mwani ulio katika siku na wiki zake za kwanza, wakati mwingi kabla hata haujaonekana kwa macho bila hadubini. Mwani hauna mbegu kama mahindi. Aina nyingi za baharini huachia spora, ambazo ni seli mojamoja ndogo mno. Spora za kelpi, ule mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, huogelea kwa vimkia viwili na hazina ukuta wa seli. Spora ikigusa jiwe hujishikiza, hujijengea ukuta, kisha huchipuza kijimrija. Hapo ndipo hutokea vimea vidogo vya kiume na vya kike, na hivyo ndivyo huzaa ule mwani mkubwa.

Mwani wa jenasi ya Fucus una njia nyingine. Yai likisharutubishwa, jambo lake la kwanza ni kutenga upande wa kushikilia jiwe na upande wa kuelekea juu. Huongozwa na nuru: upande wenye kivuli hutoa kimzizi, upande wenye mwanga huendelea kuwa jani. Hayo yote hutokea ndani ya takriban siku moja. Sumu ikiingia siku hiyo, huo mwani hautashika jiwe tena.

2. Sisi tuko Kigoma, ziwani. Mwani unatuhusu nini?

Mwani unaolimwa kwa kamba na vigingi Zanzibar ni wa maji ya chumvi, na huku hauoti (tazama swali la 19). Lakini Ziwa Tanganyika lina mwani wake. Ule utelezi wa kijani unaokuangusha ukishuka kufua kwenye mawe ni mwani: nyuzi za kijani zilizochanganyika na diatomu (mwani wa seli moja wenye ganda la silika) na viumbe wengine wasioonekana. Mwani mwingine huelea majini, nao ndio chakula cha vidudu vidogo vinavyoliwa na dagaa, na dagaa wakaliwa na migebuka.

Mwani wa mawe una walaji wake maalumu. Samaki wa jenasi za Tropheus na Petrochromis, ambao wengi hapa tunawajua kwa sababu huuzwa nje kama samaki wa mapambo, wana midomo na meno ya kukwangua mawe. Hawana shamba jingine.

Tafiti nyingi za mwani mchanga na metali zimefanywa baharini. Yanayotokea ndani ya seli yanafanana sana na ya huku. Viwango ndivyo visivyohamishika hivihivi, na sababu ziko kwenye swali la 11.

3. Metali nzito ni zipi? Mbona nyingine tunaambiwa mimea inazihitaji?

Kwa mazungumzo ya mazingira, jina hilo hujumuisha shaba, zinki, risasi, kadimiamu, zebaki, nikeli na kromiamu. Aseniki huwekwa humo ingawa si metali kamili.

Zigawe mafungu mawili. Shaba, zinki na nikeli mwani huzitumia kwa kiasi kidogo sana: bila shaba na zinki, vimeng'enya kadhaa, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, havifanyi kazi. Hizi huwa sumu zikizidi. Zebaki na risasi hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwani, kwa hiyo kila kinachoingia ni hasara. Kadimiamu ingewekwa fungu hili la pili pasipo swali, isipokuwa kuna diatomu ya baharini, Thalassiosira weissflogii, ambayo zinki ikiadimika hutumia kadimiamu kwenye kimeng'enya chake kimoja. Usiichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kumwaga kadimiamu.

## Zinavyoumiza

4. Kwa nini mchanga uumie kabla ya mkubwa?

Sababu ziko nne, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni ukubwa. Seli moja ina eneo kubwa la nje kwa kulinganisha na ujazo wake, hivyo huvuta metali haraka. Ya pili ni ukuta. Mwani wa kahawia uliokomaa una kuta zenye algineti, kemikali inayoshika metali nje kabla hazijaingia ndani, pamoja na polifenoli zinazozifunga. Spora haina hazina hiyo. Ya tatu ni kazi yenyewe: seli changa inagawanyika, inajenga, inaamua mwelekeo, na kila moja ya shughuli hizo hutegemea ishara za kalsiamu ambazo shaba na kadimiamu huzivuruga. Ya nne watu huisahau. Mwani mkubwa ukipoteza ncha ya jani huota tena, ila mwani wa seli moja ukipoteza seli umekwisha.

Ndiyo maana ufuo unaweza kuwa na mwani mkubwa wa kijani kibichi huku hakuna hata mmoja mpya unaoshika mawe. Mtu akipita atasema maji ni salama. Anachokiona ni mwani ulioota zamani, na mwani huo hauwezi kumwambia chochote kuhusu hali ya mwaka huu. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kukagua maji, la wataalamu na wasio wataalamu: kuhesabu vikubwa na kuacha vichanga.

5. Ndani ya seli hutokea nini?

Metali huingia kupitia milango ileile ya virutubisho. Kadimiamu hupita kwenye njia za zinki na kalsiamu. Zikishaingia, madhara hutofautiana.

Shaba iliyozidi huvuruga usanisinuru mahali nuru inapogeuzwa kuwa nguvu. Pia huzalisha aina kali za oksijeni zinazounguza mafuta ya utando wa seli, mpaka potasiamu ikavuja nje. Zebaki hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini, nazo protini zikapoteza umbo na kazi. Shaba, kadimiamu na zebaki zinaweza hata kuing'oa magnesiamu katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nuru, na kukaa mahali pake. Klorofili ya namna hiyo hainasi nuru inavyopaswa.

Mwani nao hujitetea. Hutengeneza vijiprotini vya kufunga metali, huzificha kwenye vakuoli (vifuko vilivyo ndani ya seli), na hutoa majini kemikali zinazozishika kabla hazijaingia. Utetezi huo hugharimu nguvu, na nguvu hiyo ndiyo ingetumika kukua. Kwa hiyo mara nyingi mwani mchanga haufi siku ileile. Unadumaa, unachelewa, halafu unafunikwa na jirani au unaliwa kabla haujafika ukubwa wa kuponyoka.

6. Nitaona dalili gani kwa macho?

Kwa hatua za mwanzo kabisa, hakuna. Ukiwa na hadubini ya shule utaona spora zisizochipuza, vijimrija vifupi au vilivyopinda, na seli zilizopauka au kujaa madoa.

Kipimo cha kawaida cha maabara Marekani hutumia hilohilo: spora za kelpi Macrocystis pyrifera huwekwa kwenye maji yanayopimwa kwa saa 48, kisha huhesabiwa zilizochipuza na kupimwa urefu wa vijimrija. Kwa maji yasiyo na chumvi hutumiwa mwani wa seli moja kwa saa 72, na kinachopimwa ni kasi ya kuongezeka.

7. Maji yakifaa kunywa si yanafaa na mwani?

Hapana, na hili huwashangaza hata watu wa afya.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita, yaani mikrogramu 2,000. Mtu mzima ana ini la kuishughulikia. Sasa linganisha: watafiti wa Chile walioweka hatua za mwanzo za mwani wa kahawia Lessonia nigrescens kwenye shaba waliona ukuaji ukivurugika hata chini ya mikrogramu 10 kwa lita. Maji yanayoruhusiwa kwa binadamu yanaweza kuwa na shaba zaidi ya mara 200 ya kiasi hicho.

Kwa metali nyingine pengo si la namna hiyo, kwa sababu binadamu naye ni dhaifu kwazo. Mwongozo wa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 10 kwa aseniki, 6 kwa zebaki na 3 kwa kadimiamu. Kwa hiyo ukipewa cheti kinachosema maji "yamepita", uliza yamepita kwa ajili ya nani.

8. Metali mbili zikikutana, sumu inajumlika?

Mara nyingine inajumlika, mara nyingine inazidi jumla, na mara nyingine moja huizuia nyingine kwa kugombea mlango uleule. Zinki ya kutosha, kwa mfano, inaweza kupunguza kadimiamu inayoingia. Hakuna kanuni moja ya kutumia bila kupima, na maji machafu ya kweli huwa hayana metali moja tu.

## Ziwani kwetu

9. Hapa Kigoma zinaweza kutoka wapi?

Tuanze na vilivyo karibu. Uvuvi wa dagaa ni wa taa. Zamani ilikuwa karabai. Sasa taa nyingi ni za betri. Betri za asidi, za aina ya gari, zimejaa risasi. Ikitunzwa haina neno. Ikipasuliwa ufukweni ili kuuza vyuma chakavu, au ikimwagwa maji yake mchangani, risasi imeingia mwaloni. Oili chafu ya injini huwa na zinki ya viungo vyake pamoja na unga wa metali zilizosagika, hivyo kuimwaga ukingoni ni zaidi ya suala la mafuta kuelea. Mabati ya nyumba nayo huachia zinki kila mvua inaponyesha, kidogokidogo, na mji wote unateremkia ziwani. Ongeza rangi za zamani zinazobanduka na risasi za kuzamishia nyavu.

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi iliyotoka kwenye mabomba ya magari kabla ya hapo haikutoweka. Ilianguka chini, na sehemu yake sasa iko kwenye tope.

Vya mbali huja na mito. Malagarasi hukusanya maji ya eneo kubwa mno, na Ugalla unaoungana nao hutoka upande wa Tabora. Huko Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku, na tumbaku hulimwa kwa mbolea. Mbolea za fosfeti kwa kawaida huwa na kadimiamu kidogo, nayo tumbaku inajulikana kwa kuivuta kadimiamu hadi kwenye majani. Kabla ya kufika ziwani maji hayo hupita kwenye mabwawa na matete ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Ardhioevu ya aina hiyo hupunguza kasi ya maji, tope likatua, na metali zilizoshikana na tope zikatua nalo. Wanaotaka kuyakausha wapate mashamba wanapaswa kulifikiria hilo.

Mto Luiche hauna kinga kubwa namna hiyo, na unaingia ziwani jirani kabisa na Ujiji.

10. Na zebaki ya wachimbaji wa dhahabu?

Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma ule mchanganyiko. Sehemu ya zebaki hubaki kwenye mabaki, sehemu hupaa kama moshi. Moshi huo haujali mipaka ya bonde: zebaki ya hewani husafiri mbali na kurudi na mvua. Kwa hiyo mgodi unaomwaga maji yake bonde jingine bado unaweza kulihusu ziwa hili.

Kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa zebaki-methili. Hiyo ndiyo inayopanda mnyororo wa chakula na ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956. Mwani ni ngazi ya kwanza ya mnyororo huo, na ngazi hiyo ndiyo yenye mruko mkubwa kuliko zote: zebaki-methili ndani ya mwani huwa nyingi mara maelfu kuliko ile iliyo kwenye maji yanayouzunguka. Endelea na swali la 13.

11. Ziwa lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Si metali zitapotea humo? Na vipimo vya baharini vinafaa huku?

Haya ni maswali mawili, lakini huulizwa kwa pumzi moja na majibu yake yanashikana.

Ni kweli Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini mwani hauishi huko chini. Unaishi palipo na nuru, na mwani wa mawe unaishi kwenye ukanda mwembamba wa ufukweni, palepale uchafu unapoingilia. Ghuba ya Kigoma haina faida kubwa na mita 1,470 zilizo mbali nayo.

Pili, ziwa hili halijisafishi upesi. Maji yake mengi huondoka kwa kupaa hewani. Kinachotoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo ni kidogo. Maji yanapaa, metali hazipai. Kinachookoa ni kutua: metali hushikana na chembe za tope na viumbe waliokufa, zikazama. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi hakuna oksijeni, na gesi ya salfa iliyoko huko hufunga shaba, risasi na kadimiamu kuwa chembe ngumu. Ni jalala zuri kwa metali hizo. Kwa zebaki ni baya, kwa sababu iliyotajwa swali la 10.

Sasa vipimo. Maji ya Tanganyika ni ya kialkali, pH yake ikikaribia 9, na yana magnesiamu na kaboneti za kutosha. Katika maji hayo shaba na risasi nyingi hufungwa na kaboneti, na sehemu iliyo huru, ambayo ndiyo huumiza mwani, hupungua. Magnesiamu na kalsiamu nazo hugombea milango ya seli. Hiyo ni bahati yetu. Kadimiamu ni kinyume: baharini kloridi huifunga sehemu kubwa, na ziwani kloridi ni chache, kwa hiyo kiasi kilekile cha kadimiamu kinaweza kuwa kikali zaidi huku. Anayechukua jedwali la viwango vya Chile au Uingereza na kulibandika Kigoma amekosea pande zote mbili.

Mito ni hadithi nyingine tena. Maji yake si ya kialkali kama ya ziwa, na mdomoni mwa mto wakati wa masika, mwani hukutana na maji ya mto zaidi kuliko ya ziwa.

12. Mawe ya ufukweni kwetu yamepoteza kijani. Ni metali?

Usianzie hapo. Kwanza tazama kama mawe yana vumbi laini la tope. Vilima vinavyozunguka ziwa vimekatwa miti na kulimwa hadi juu, na tope linaloteremka huficha nuru, hufunika spora, na kuzizuia zisishike jiwe. Madhara ya tope kwa viumbe wa mawe wa ziwa hili yamechunguzwa kwa miongo kadhaa, nayo hayana ubishi.

Kisha angalia kina. Maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021 yalifunika mawe yaliyokuwa makavu, na yale yaliyokuwa na mwani yakazama zaidi, mbali na nuru. Angalia pia walaji: samaki wakwanguaji na konokono wanaweza kuliacha jiwe safi huku mwani ukiota kwa kasi nzuri, maana unaliwa kadiri unavyoota.

Shuku metali pale upotevu ulipo wa eneo dogo lenye chanzo kinachoonekana: karibu na karakana, jalala la vyuma chakavu, mfereji wa maji ya mvua wa mji. Tope na metali huja pamoja mara nyingi, kwa hiyo jibu linaweza kuwa yote mawili.

13. Je, dagaa na migebuka ni salama kula?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba zebaki huongezeka kadiri unavyopanda mnyororo wa chakula wa Ziwa Tanganyika, kama inavyotokea katika maziwa mengine. Maana yake dagaa, ambaye anaishi muda mfupi na kula vidudu vidogo, yuko chini kwenye ngazi. Samaki wakubwa walao samaki wako juu. Kula dagaa wako. Mama mjamzito anayekula samaki kila siku atafanya vyema kuwapendelea wadogo kuliko wale wakubwa wazee.

Kwa risasi, hatari ya kila siku iko zaidi kwenye mahali pa kuanikia kuliko kwenye samaki mwenyewe. Usianike dagaa palipopasuliwa betri.

## Kupima na kujaribu

14. Tunaweza kufanya jaribio gani shuleni?

Yapo mawili, na la kwanza halihitaji kemikali.

Chukua vigae vidogo vyeupe vya sakafuni, vinavyolingana. Vifunge kwenye kamba, uvining'inize kina kimoja katika sehemu mbili: moja karibu na mfereji au mwalo wenye shughuli nyingi, nyingine mbali. Nusu ya vigae vizungushie wavu wa matundu madogo ili samaki wasikwangue. Bila wavu utakuwa umepima njaa ya samaki. Baada ya wiki mbili au tatu vitoe, uvisugue kwa mswaki ndani ya maji safi, chuja, kausha, pima uzito. Ukitaka zaidi, loweka sehemu ya mabaki kwenye spiriti gizani na ulinganishe rangi ya kijani. Utakachopata ni tofauti ya ukuaji mpya, ambacho ndicho tunachokitafuta. Hutapata sababu yake. Nuru na tope viandike pia. Jaribio hili lifanyike kutoka kwenye mtumbwi au gati, si kwa kuingia majini: kichocho kipo kwenye fukwe zetu, na mamba hawasomi ratiba ya shule.

La pili ni la maabara. Mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, ni shaba kwa robo ya uzito wake. Gramu 0.4 katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa hutoa takriban miligramu 100 za shaba kwa lita. Mililita moja ya hiyo ndani ya lita moja ya maji ya ziwa inakupa mikrogramu 100 kwa lita. Tengeneza viwango kadhaa, na chupa moja isiyo na shaba. Katika kila chupa weka kiasi sawa cha utelezi uliokwanguliwa kutoka jiwe moja, ziache dirishani kwa wiki moja. Kisha rudia kwa maji ya mvua badala ya ya ziwa, na maelezo ya swali la 11 utayaona kwenye chupa. Maji ya mvua yakinge moja kwa moja kwa beseni uwanjani. Ya kutoka kwenye bati tayari yana zinki.

Mabaki yasimwagwe ziwani wala kwenye sinki. Mwalimu ayakaushe na kuyahifadhi. Zebaki na maji ya betri visitumike shuleni kwa namna yoyote.

15. Nataka sampuli ya maji ipimwe. Naichukuaje?

Kwanza ongea na maabara kabla hujachota. Kwa metali nyingi hutumiwa chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, na sampuli huongezewa asidi ya nitriki ili metali zisishike kwenye kuta za chupa. Zebaki huhitaji chupa ya namna nyingine, kwa kawaida ya kioo. Uliza kama watapima maji yaliyochujwa au yasiyochujwa, maana majibu yake hayafanani.

Kwa kuanzia, Kigoma kuna ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika na kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania). Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima kemikali, na malalamiko ya uchafuzi hupelekwa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira).

Chota wakati wa mvua za kwanza, si kiangazi peke yake. Uchafu wa miezi mizima hushuka kwa siku chache, na siku hizo chache zinatosha kuua kizazi kizima cha spora.

## Maswali ya pembeni

16. Mwani unaweza kutumika kusafisha metali?

Unashika metali vizuri, hata ukiwa mkavu umekufa. Tatizo ni hatua inayofuata. Mwani ulioshika risasi ukiuacha uoze, risasi inarudi majini. Ukiuchoma, inabaki kwenye majivu. Ukimpa kuku au ng'ombe, umeihamishia mezani. Usafishaji una maana tu pale ambapo mwani unavunwa na kuna mahali pa kuufungia.

17. Si mwani unazoea?

Baadhi huzoea. Mwani wa Ectocarpus uliochukuliwa kwenye meli zilizopakwa rangi ya shaba ulikutwa ukistahimili shaba kuliko ndugu zake wa mawe safi. Fucus wa Restronguet Creek, Cornwall, mahali palipopokea maji ya migodi kwa vizazi, nao ni mstahimilivu. Lakini wanaozoea ni wachache. Kwenye pwani ya Chañaral, Chile, iliyopokea mabaki ya mgodi wa shaba tangu mwaka 1938, aina nyingi zilitoweka zikabaki chache, hasa Ulva ya kijani. Aliyeiona pwani hiyo kwa mbali angesema ina mwani.

18. Wakulima wa Zanzibar hupanda vipande, si spora. Hawahusiki basi?

Wanahusika kwa njia nyingine. Kilimo hicho, kilichoanza 1989 na kufanywa zaidi na wanawake, hutumia vipande vya Eucheuma na Kappaphycus. Kipande kina seli nyingi na ukuta tayari, kwa hiyo kinaivuka ile hatari ya swali la 4. Ila ncha zake zinazokua ni tishu changa, na mahali kilipokatwa ni kidonda. Kipande kilichodhoofishwa na kitu chochote, joto, mvua nyingi au metali, hushikwa kirahisi na ule ugonjwa wa kupauka na kukatika. Na mnunuzi anayetengeneza karajini, kitu cha mwani kinachotumika kufanya vyakula viwe vizito, hupima metali kwenye mwani mkavu.

19. Naweza kuuleta huo mwani niupande Ziwa Tanganyika?

Hauwezi kuishi. Unahitaji chumvi ya bahari; kwenye maji yetu seli zake zitajaa maji na kufa ndani ya muda mfupi. Pia usihamishe viumbe vya maji kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kibali. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani.

20. Chanzo kikifungwa, mwani mchanga unarudi baada ya muda gani?

Maji ya juu husafika kwanza, na kama kuna mwani mzima karibu wa kuachia spora, mawe yanaweza kuanza kushika kijani msimu unaofuata. Tope ndilo linalochelewesha. Metali zilizolala humo hutibuliwa na mawimbi, nanga na uchimbaji wa mchanga, zikarudi majini kidogokidogo kwa miaka. Upepo wa kusini mashariki unapovuma kati ya Mei na Septemba, ziwa hutibuka zaidi, hivyo ufuo ulioonekana umepona mwezi Machi unaweza kurudi nyuma Julai.

Kama chanzo ni betri zilizopasuliwa mwaloni, kuacha kupasua hakutoshi. Ule mchanga wenyewe uondolewe na uzikwe mbali na maji kwa maelekezo ya wataalamu, na ufanyike kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaukuta.